Rufiji Haikuumbwa Ipitwe

Basi la Lindi huvuka Daraja la Mkapa kwa muda usiotimia dakika moja. Daraja lina urefu wa karibu mita 970, lami imenyooka, dereva anakanyaga mafuta na abiria ameinamia simu yake. Kushoto kwake Mto Rufiji unashuka kwenda baharini, ukigawanyika mikono na mikono hadi kuingia katika msitu wa mikoko ambao hakuna unaoufikia kwa ukubwa katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Mbele yake, kabla basi halijashika vizuri njia ya Somanga, iko Mohoro, mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Majimaji. Nyuma yake ameshaipita njia panda ya Nyamisati, ambako majahazi na mashua zimekuwa zikipakia watu wa Mafia tangu enzi za mababu. Abiria haambiwi lolote. Kondakta anatangaza Nangurukuru tu, kwamba huko ndiko watu watachimba dawa na kula.

Hii ni dhuluma, na nitaiita kwa jina hilo hilo.

Mgeni akitua Dar es Salaam akauliza atembelee wapi, majibu yako tayari. Ataelekezwa Bongoyo na Mbudya akaogelee, Kijiji cha Makumbusho akaone nyumba za msonge, Feri akaone samaki wakinadiwa. Akiwa na siku mbili atapelekwa Bagamoyo na magofu ya Kaole. Akiwa na tatu atapandishwa boti ya Zanzibar. Sina ugomvi na mahali hata pamoja kati ya hapo. Bagamoyo inastahili kila mguu unaoikanyaga. Ugomvi wangu ni na ramani inayokatika Mbagala. Ukishavuka Kongowe, kwa wenye ofisi za utalii jijini, nchi imekwisha, na itaanza tena watakapohitaji kuuza Kilwa kwa abiria wa meli za kifahari. Katikati hapo, kwenye kilomita zisizofika 200 kutoka Kariakoo, hawaoni kitu.

Mwaka 2022 tulizindua filamu ya Royal Tour kwa vifijo, na mwaka uliofuata wageni wa kimataifa waliingia nchini zaidi ya 1,800,000. Nafurahi kwa hilo. Sasa mtu wa Wizara ya Maliasili na Utalii asimame atuambie ni wangapi kati yao waliokunywa hata dafu moja Kibiti. Na asitujibu kwamba kusini kulikuwa na mpango. Mpango tunaujua. Uliitwa REGROW, ulikuwa na dola milioni 150 za mkopo wa Benki ya Dunia, na ulitaja hifadhi nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Hifadhi ya Nyerere inakunywa mto huu huu. Mpango ulifuata maji pale yalipo na tembo na simba, ukayaacha pale yanapoanza kunywewa na watu. Mwaka 2024 benki ilisitisha fedha, baadaye mradi wenyewe ukafutwa, kufuatia malalamiko ya wanavijiji wa kandokando ya Ruaha juu ya kuondolewa kwenye ardhi na kutendewa ukatili. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike kwa hasira na kwa hofu pamoja.

Kwanza niwataje wenyeji wa Ndundu, maana wao walikuwa lango kabla lango halijahamishwa. Kabla ya mwaka 2003, hakuna aliyekwenda Kilwa, Lindi wala Mtwara kwa barabara ya pwani bila kuijua Ndundu. Kulikuwa na pantoni. Mto ukijaa, pantoni haivuki. Ikiharibika, haivuki pia. Foleni ya malori inarudi nyuma, watu wanalala chini ya magari na ndani ya magari, siku inageuka mbili. Mama ntilie walipika usiku kucha. Wali wa Rufiji na samaki wa mtoni vililiwa hapo na mawaziri na makuli kwenye benchi moja. Daraja lilipofunguliwa lilikuwa haki ya watu wa kusini iliyocheleweshwa mno, na hakuna mwenye akili atakayetamani pantoni irudi. Ila serikali iliyojenga daraja ililiacha likining'inia: kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki tope na ahadi kwa miaka zaidi ya kumi. Na lami ilipofika mwisho kabisa, Ndundu ilibakiza nini? Msafiri hana tena sababu ya kusimama, na hakuna aliyekaa na wale mama ntilie akawauliza sasa tufanye nini na mto huu ambao watu walikuwa wakiulaani kwa kuwa hawakuwahi kupewa nafasi ya kuutazama.

Kuna mengi ya kutazama.

Chukueni habari ya manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia alfajiri katika bandari ya Zanzibar ikaizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza. Kisha ikaja kujificha kwetu, ndani ya mikondo ya Rufiji, kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika na makaa yalikuwa yanakwisha. Waingereza waliifungia mlangoni kwa miezi. Waliiteka Mafia Januari 1915 na kuweka huko kituo cha ndege, wakaleta kutoka Ulaya meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziwezazo kuingia mtoni. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915, zikashindwa. Zikarudi tarehe 11, ndege ikiwaelekeza kutoka angani makombora yao yanaangukia wapi, na siku hiyo Königsberg ikaisha, ikateketezwa na nahodha wake mwenyewe, Max Looff, isije ikatekwa. Vita vya ndege na manowari, vikisaidiana kwa namna ambayo dunia ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza, vilipiganwa juu ya mashamba ya mpunga ya Wanyagatwa, watu wa delta hii.

Sehemu ambayo vitabu vya wageni huipitia haraka ndiyo ninayotaka sisi tuisimulie taratibu. Mitambo ya meli ile ilipoharibika ilitolewa, ikaburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam ikatengenezwe, halafu ikaburutwa kurudi. Iliburutwa na nani? Na Waafrika, kwa kamba na mabega, katika joto na matope ya nchi hii. Meli ilipokwisha, mizinga yake 10 ilitolewa majini na kuburutwa tena, ikaenda kutumika katika vita vya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, kwa miaka iliyofuata. Leo mzinga mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Mwingine uko Jinja, Uganda. Watoto wa shule wa Kenya wanapiga picha wameukalia mzinga uliotoka kwenye tope la Salale, huku deltani. Mtoto wa Salale anauonea wapi? Mabaki ya meli yenyewe yamedidimia katika tope la mto, na yale yaliyoweza kuchukuliwa kama chuma chakavu yalichukuliwa zamani. Miaka 100 ya mapigano yale ilitimia Julai 2015. Taifa lenye haya lingejenga chumba kimoja tu Kibiti, chumba chenye picha na ramani, chenye habari za wale wapagazi kabla ya habari za Looff.

Na hao ni Wajerumani. Tuna wetu. Kinjikitile aliishi Ngarambe, katika wilaya hii ya Rufiji, na watu walimiminika kwake kutoka Matumbi, kutoka bondeni, kutoka mbali, kuchukua maji yake ya dawa. Walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko. Mwishoni mwa Julai 1905 wakaing'oa pamba kule Nandete, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, mwanzoni kabisa mwa vita ambavyo vingechukua roho za watu wanaokadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Kila mwanafunzi wa Tanzania amejibu swali la Majimaji kwenye mtihani. Wangapi wanajua kwamba basi walilopanda kwenda likizo Mtwara limepita mahali pale pa kitanzi? Tunasomesha Majimaji kama ilitokea kwenye daftari. Mohoro ingekuwa ya Wafaransa, kusingekuwa na gari linalopita pale bila kupunguza mwendo.

Nikiendelea nyuma zaidi nitafika Rhapta, ule mji wa biashara uliotajwa na mabaharia wa karne ya kwanza, soko la mwisho la mwambao huu walilolijua. Haujapatikana kwa uhakika, na wapo wanaouweka kwingine, lakini delta ya Rufiji imo katika majina ya mwanzo kabisa kila mjadala unapofunguliwa, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametoa ardhini, huko Mkukutu, shanga alizozihusisha na biashara ya Wagiriki na Warumi. Nchi nyingine zinauza tetesi ndogo kuliko hizi kwa tiketi. Sisi tuna shanga mkononi na tumenyamaza.

Hayo yote ni ya waliokufa. Kinachoniuma zaidi ni tunavyowapuuza walio hai.

Ingia kwa mtumbwi kutoka Nyamisati maji yanapojaa, utaelewa kwa nini nasema delta yenyewe ndiyo kivutio kuliko chochote kilichozama ndani yake. Mikoko hekta 53,000 hivi, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mwenyeji hataiita kwa jina moja kama anavyoiita mgeni. Atakuonyesha mkoko wenyewe wenye miguu ya kuning'inia, mkandaa, msinzi, mchu wenye kuhimili chumvi, mlilana unaosimama mbele kabisa kwenye maji, mkomafi na tunda lake kama mpira, msikundazi. Atakwambia upi ni wa nguzo na upi ni wa boriti, upi wa fito, upi unafaa tanuri la chokaa, gome la upi linapaka rangi nyavu. Boriti hizi zilisafiri kwa majahazi na pepo za kusi hadi Uarabuni na Uajemi, zikaezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Mzee wa Msala anayejua yote hayo hana cheti cha kuongoza watalii, na hakuna chuo kinachoweza kumfundisha yule mwenye cheti anayoyajua mzee huyu.

Kisha msitu unafunguka na unaona mashamba ya mpunga, na juu ya mashamba yamesimama madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwenye nguzo, familia nzima zikiishi huko juu msimu wote zikifukuza ndege na nguruwe, maji yakipita chini ya miguu. Wavuvi wa kamba wanasoma mwezi kujua bamvua ni lini. Wakulima wa bondeni wanasubiri mto upande na kushuka ndipo wapande mlau kwenye unyevu ulioachwa. Maisha haya yote yameundwa na kupanda na kushuka kwa maji, akili ya vizazi vingi imo humo, na nasema bila kusita kwamba mtu aliyekaa siku mbili juu ya dungu na familia ya Kibiti ameiona Tanzania kuliko aliyekaa wiki mbili hotelini Nungwi.

Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 597,000, liliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Miaka 20 na zaidi imepita. Muulize mvuvi wa Kiongoroni orodha ile imemletea nini, kisha usikilize jibu bila kumkatiza.

Sasa nije kwenye hofu yangu, maana wapo watakaosoma mpaka hapa wakasema: vizuri sana, tulete mwekezaji.

Simameni hapo hapo. Delta hii imeshaletewa mwekezaji. Katika miaka ya 1990 Kampuni ya African Fishing Company ilitaka kufuga kamba kwenye eneo la karibu hekta 10,000 ndani ya delta, mradi ambao ungekuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani. Baraza la Mazingira, NEMC, lilishauri usikubaliwe. Serikali ikauidhinisha mwaka 1997. Wanavijiji ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona mlango wa Mahakama Kuu wakachangishana, wakapata msaada wa wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, wakaenda kushitaki. Walipinga kuhamishwa. Walipinga mabwawa ya kamba kuchukua mahali pa mikoko inayozaa kamba bila kulipwa na mtu. Mradi haukujengwa, na ukafa. Nataka kila mtoto wa Kibiti afundishwe habari hii kama anavyofundishwa Majimaji, kwa sababu Thailand na Ecuador zilikubali mabwawa ya namna hiyo na zikapoteza mikoko kwa maelfu ya hekta, na wavuvi wetu waliokuwa wakiitwa wajinga ndio waliotuokolea delta.

Kwa hiyo mtu yeyote anayekuja na michoro ya hoteli ajue anaingia kwenye nyumba ya watu waliokwisha kushinda pambano la maisha yao bila kumpigia mtu magoti. Na ajue pia wana kumbukumbu ndefu. Mwaka 1898 Wajerumani waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi. Waingereza wakairithi, serikali huru ikairithi, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Watu wanaoishi humo wamekuwa wavamizi katika makaratasi ya kila utawala. Wamechomewa madungu. Wameitwa waharibifu na wataalamu ambao ripoti zao ziliandikwa kwa mwanga wa taa za Dar es Salaam. Mwaka 1968 mafuriko yalipopita, walihamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya mpango kwenye miinuko, wakalazimika kutembea mwendo mrefu kurudi kwenye mashamba yao yenye rutuba. Kila kizazi kimeletewa mtu mwenye tarumbeta akiwaambia wahame kwa faida yao.

Utalii wa kuta na mageti utakuwa tarumbeta nyingine tu. Ndiyo maana nilitaja Ruaha. Ukianza na mipaka, askari na bunduki, ukamalizia na kibanda cha kuuzia vikapu ili ionekane wananchi wameshirikishwa, umefanya kosa lile lile, na safari hii hata benki imeona aibu kulilipia.

Lipo jambo jingine ambalo wenye kupamba vipeperushi wangependa tulirukie. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga ziliingiwa na mauaji. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliuawa, watendaji waliuawa, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Bodaboda zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni. Watu walihama vijiji, na wapo waliochukuliwa ambao familia zao hazikuwaona tena. Mwandishi mwenzetu, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti Novemba 2017. Hajarudi. Mke wake na watoto wake wanastahili jibu, na wilaya nzima inastahili kusemwa nayo kwa ukweli.

Najua kuna watakaoniambia habari hizi zinafukuza wageni. Jina la Kibiti lilikwisha kutangazwa duniani kwa damu, na ukimya haukulisafisha. Uliliacha tu mahali lilipokuwa. Nimesikia watu wazima wenye heshima zao jijini wakiuliza kama bado kuna usalama wa kulala Bungu. Bungu! Mji wa korosho na machungwa, wenye watu wakarimu hadi mgeni anaona haya. Hofu ile inalindwa na kutosema. Mama muuza vitumbua pale stendi ya Kibiti analipa gharama ya hofu hiyo kila jioni gari lisiposimama, na hakufanya kosa lolote.

Halafu liko bwawa. Mto huu umefungwa juu, kwenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 2024. Taa zimewaka, na aliyekaa gizani miaka yote hawezi kuzikataa. Lakini Aprili ya mwaka huo huo mafuriko yaliifunika Rufiji na Kibiti, mpunga ukazama, nyumba zikaondoka. Serikali ilisema ni mvua kubwa. Wakulima wengi walilinyooshea bwawa kidole. Mkulima anayehamishwa na maji usiku hana mitambo ya kupimia ukweli uko upande gani. Anachojua ni kwamba mto aliousoma tangu utotoni, aliojua utapanda mwezi gani na kushuka mwezi gani, sasa unafunguliwa na kufungwa na mtu asiyemjua. Kama maji hayatatolewa kwa utaratibu unaoijali delta, mlau utakufa, chumvi ya bahari itapanda mtoni, mikoko ya maji baridi itakauka na kamba watapungua. Hapo tutakuwa tumebakiwa na kivutio kipi? Tutawaonyesha wageni kisiki?

Wanaosema utalii ulio mikononi mwa wanavijiji hauwezekani wavuke mpaka waende Gazi, kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Wanawake wa kijiji kile walijenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wanatembeza wageni wao wenyewe, wanawapikia wao wenyewe, na fedha zinakwenda kwenye mahitaji waliyoyachagua wao. Pale pale, tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa ya hekta 117 tu za mikoko, na mapato yameingia kwenye maji na shule za vijiji viwili. Hekta 117! Sisi tuna 53,000. Au waende karibu zaidi, Jozani, Unguja, ambako wageni huingia kwenye mikoko ya Pete na sehemu ya kiingilio hurudi kwa vijiji jirani. Hakuna muujiza uliofanyika huko. Watu walipewa haki ya kusimamia kilicho chao.

Sheria za kufanya hivyo tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati za kimila. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji. Vikundi vya BMU, ambavyo wavuvi husimamia uvuvi wao kupitia kwavyo, viko kwenye fukwe. Kinachokosekana ni saini ya mtu mmoja ofisini ambaye hataki kuachia. Maana kwa mkoko wa Rufiji, mwanakijiji anaitwa mshirika siku ya kupanda miche na anaitwa mhalifu siku ya kukata fito ya kuezekea nyumba yake. Ushirika wa namna hiyo ni wa kijakazi na bibi yake.

Nawaambia pia vijana wetu wa Kibiti na Ikwiriri wanaokimbilia Dar kubeba mizigo Kariakoo: msisubiri kibali cha kujua kwenu. Kaeni na wazee wa Salale na Mbuchi sasa, wangali na sauti, muandike majina ya mikondo, muandike nani alisimuliwa nini na babu yake juu ya meli ile na wapagazi wale. Kitakachotunyang'anya delta mapema kuliko hoteli ni mgeni kuja kutusimulia kwetu kwa sababu sisi tulikuwa hatujui.

Kwa Halmashauri ya Kibiti na ya Rufiji, na kwa Wakala wa Huduma za Misitu, maneno yangu ni machache. Kabla ya boti moja ya kitalii kutia nanga kwenye mkondo wa Simba Uranga, kabla ya mwekezaji mmoja kuonyeshwa kisiwa, vijiji vya delta vipewe mikataba ya usimamizi wa pamoja wa mikoko, na mashamba ya mpunga yaliyokuwepo yatambuliwe humo bila mizengwe. Manahodha wa Nyamisati wawe na ushirika wao, na pasiwe na mgeni anayeingizwa mtoni na nahodha wa kuajiriwa kutoka mjini. Ndundu ipewe kituo chake pale penye lango la zamani, kisimamiwe na wanawake wale wale walioilisha barabara ya kusini kwa miaka yote ya pantoni, na Mohoro ipewe heshima yake kwenye barabara kuu kwa maandishi ambayo dereva wa basi hawezi kuyakosa. Kiingilio kitajwe kwa shilingi, mgawo wa kijiji utajwe kwa asilimia, na karatasi yenye hesabu hizo, kwa Kiswahili, ibandikwe kila mwezi kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kuanzia Msala hadi Maparoni, mahali ambapo mvuvi akitoka majini anaweza kusimama na kuisoma, na akiona shilingi imepungua, ajue mlango wa kugonga.